Kituo cha data Olkaria: wapunguziwe kodi, lakini nani alipie laini za umeme?

Mwanzisha mada (fundi, Gilgil)

Wadau, naweka hili mezani. Mei 2024, Rais Ruto akiwa ziarani Washington, Microsoft na G42, kampuni ya teknolojia ya Abu Dhabi, zilitangaza mpango wa dola bilioni 1 wa kujenga kituo cha data, yaani jengo la kompyuta nyingi zinazofanya kazi mchana na usiku, huku Olkaria karibu na Naivasha, kitakachotumia umeme wa mvuke utokao ardhini. Kingeanza na megawati 100, kisha kikue hadi megawati 1,000. Sasa pima mwenyewe: Kenya nzima, viwanda na majumba yake yote, mwaka 2025 ilikuwa ndiyo kwanza inapita megawati 2,300 ile saa ambayo kila mtu amewasha.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayepinga ajue pa kunishika. Kodi wapunguziwe. Laini na transfoma wajilipie. Na jioni wapishe.

Hili la jioni nalijua kwa mikono yangu. Nachomelea milango na mageti. Ikifika saa moja, watu wametoka kazini na majiko na taa zimewashwa, umeme unalegea. Balbu ya karakana inageuka rangi ya chungwa, cheche zinakufa, elektrodi inaganda kwenye chuma. Naivunja kwa nyundo, naanza upya, na ule mshono tayari umeharibika. Kazi za jioni nimeacha kuzipokea. Nikirudi saa sita usiku, mashine hiyohiyo inakata chuma kama siagi.

Sababu yenyewe si siri. Kisima cha mvuke hakifunguliwi na kufungwa kama bomba la jikoni. Usiku wa manane matumizi ya nchi hushuka hadi karibu nusu ya yale ya jioni, na kuna nyakati mvuke wa Olkaria huachiliwa upae bure kwa kuwa umeme wake hauna mnunuzi. Jioni ya pili yake tunabanana tena, pamoja na kwamba tunaleta megawati 200 kutoka Ethiopia tangu 2022. Rais mwenyewe alikiri 2025 kwamba kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku yako maeneo yanayokatiwa ili mengine yapate.

Kituo cha data hakilali. Usiku kitanywa ule mvuke unaopotea, na hapo nakishangilia kabisa. Lakini saa moja jioni kitakuwa palepale kimekaa juu ya shingo yangu. Semeni.

Mchangiaji wa Nairobi (kazi yangu ni seva)

Ndugu fundi, nakuelewa, ila umeanzia mwisho. Hakuna anayechimba kisima cha mvuke kwa matumaini. Kisima kimoja ni mamilioni ya dola, na unaweza kuchimba ukakuta hakina nguvu. Benki inauliza swali moja: nani atanunua huu umeme, kwa miaka mingapi? Mnunuzi mkubwa, mchana na usiku, ndiye anayefanya visima vichimbwe.

Jambo la pili. Mikataba yetu mingi na wazalishaji ni ya kulipa mtambo uwe umetumika au umelala, na gharama hiyo imo kwenye tokeni yako tayari. Akipatikana mteja wa saa 24, mzigo huo unagawanywa kwa uniti nyingi zaidi. Sasa ukimpa masharti kumi kabla hajaweka hata jiwe la msingi, atakwenda kwingine. Ile kodi ya asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza na 15 kwa 10 inayofuata, ya kanda maalum za kiuchumi, si zawadi aliyotengewa yeye. Ipo katika sheria tangu 2015 kwa kila anayestahili, wakati wengine tunalipa 30.

Mchangiaji wa Naivasha

Mnahesabu megawati kana kwamba Olkaria ni pori tupu. Mwaka 2014 familia za Kimaasai zilihamishwa kupisha mtambo wa Olkaria IV. Malalamiko yao yalifika hadi Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia, na ikabidi kuwe na upatanishi. Kama visima vipya vinachimbwa kwa ajili ya kituo hiki, basi kabla ya kuzungumzia kodi tuambiwe ni ardhi ya nani inayofuata, na maji ya kupozea mashine yatatoka wapi. Ziwa Naivasha ni moja, na wakulima wa maua wanalitegemea tayari. Sipingi kituo. Napinga kusikia habari zake baada ya mikataba kutiwa saini.

Mchangiaji aliyeko Dublin

Wazee wangu, niliko hili limeshatokea. Ireland ilizikaribisha kampuni hizi kwa kodi nafuu, zikaja, karibu zote zikarundikana kuzunguka Dublin. Mwaka 2015 vituo vya data vilitumia asilimia 5 ya umeme wa nchi. Mwaka 2023 vilifika 21, zaidi ya nyumba zote za mijini kwa pamoja. Kodi haikuwa na shida. Aliyechelewa ni mpangaji wa gridi. Mwishoni mwa 2021 mdhibiti wa nishati wa huku akaweka vigezo vya kumuunganisha mteja mpya: je, eneo lako limebanwa? Una mtambo wako wa kuzalisha? Unaweza kupunguza matumizi tukikuomba? Hayo ndiyo maswali ya fundi wetu, isipokuwa huku yaliulizwa nyumba ikiwa imeshajaa.

Mwanzisha mada

Asanteni. Ndugu wa Nairobi, hoja ya mnunuzi naikubali, na nairekebisha kauli yangu: mnunuzi ahitajike, tena aahidi kwa maandishi. Ohio, Marekani, mdhibiti aliamua Julai 2025 kwamba vituo vikubwa vipya vya data katika eneo la AEP Ohio, kampuni ya kusambaza umeme, vilipie angalau asilimia 85 ya umeme vilioomba, hata kama havikuutumia, hadi miaka 12. Kampuni ikituomba megawati 100, sisi tukajenga laini na substesheni, kisha ikahama au ikatumia 20, zile 80 asilipe muuza mboga wa Gilgil kwa tokeni yake. Hilo sioni likimfukuza mwekezaji wa kweli.

Mama au mzee wa Naivasha, la ardhi na maji ulitangulize hata mbele ya langu. Umesema kweli.

Limebaki la jioni. Ndugu wa seva, niambie kama mtaalamu: je, kazi zote za kituo lazima zifanyike saa moja jioni?

Mchangiaji wa Nairobi

La, si zote. Malipo ya benki na simu hayasubiri hata sekunde. Lakini kufundisha mifumo ya akili unde, kazi inayochukua wiki nzima, inaweza kusimamishwa saa kumi na moja na kuendelezwa saa nne usiku ilipoachia. Mwenye mashine hatapenda, kwa sababu mashine ghali ikikaa saa tano bila kazi ni hasara. Kwa hiyo, hasara hiyo ndiyo ifidiwe na punguzo la kodi. Mita mbili: moja ya kazi zisizokatika, ilipe bei kamili ya jioni, na nyingine ya kazi zinazosubiri, ipewe bei ya usiku na ikatwe jioni bila kuomba ruhusa. Hapo fundi, hata mimi nasaini.

Mwanzisha mada

Mita mbili. Naiandika hivyo kwenye maoni nitakayopeleka kwa mdhibiti. Mwenye nyongeza ailete kabla ya Ijumaa.