Binti yangu ni kipanga wa hesabu ila fomu wani anaboeka, nimpeleke tuisheni?

MamaG wa Pasua:
Wakuu habari za jioni, naomba ushauri kwa walimu na wenye watoto wakubwa. Binti yangu yuko fomu wani shule ya kutwa hapa Moshi, msingi kasoma ya serikali ya Kiswahili na kwenye hesabu hakuna aliyekuwa anamgusa, yaani KDS (kigawe kidogo cha shirika) anakupigia kichwani we bado unatafuta kalamu. Sasa huku sekondari anasema anaboeka, eti ni sehemu na desimali zilezile za msingi, akimaliza maswali yake anaanza kupiga stori na wenzie, mwalimu kashanilalamikia. Cha ajabu testi ya juzi kapata 61! Nikaiomba karatasi nikaiangalia, majibu mengi yuko sawa ila njia hajaandika, halafu swali la maelezo la Kiingereza hajaligusa kabisa. Kuna kijana wa tuisheni mtaani anasema nimpeleke amsomeshe topiki za fomu tuu mapema. Mimi hesabu zangu za dukani tu, hizo eksi na wai sizijui. Nilipe?

Mangi_Mkavu:
Lipa mama, kipanga akiachwa anapoa. Wangu nilimuwahisha hivyohivyo, leo yuko PCM (fizikia, kemia na hesabu).

Mwl_Kiboriloni:
Mangi hapo nakupinga. Nafundisha hesabu sekondari na watoto wa hivi kila mwaka ninao. Ukimkimbiza na topiki za mbele unamnunulia boredom ya mwakani, akifika fomu tuu atakwambia hii nilishasoma, na kumbe kilichomo kichwani ni fomula tu, ukimuuliza imetoka wapi anakutolea macho. Mtoto mwepesi mpe swali zito la topiki hiyohiyo. Kama wako kwenye vigawo, mwenzie anatafuta vigawo vya 36, yeye muulize: kuanzia 1 mpaka 100, namba ngapi zina vigawo ambavyo idadi yake ni witiri? Muache ahangaike hata siku mbili, usimpe jibu. Ataanza kuviandika kwa jozi, 1 na 36, 2 na 18, 3 na 12, 4 na 9, akifika 6 na 6 atashtuka mwenyewe kwamba hapo namba ni moja tu, haina mwenzie. Hapo ndo amejifunza kitu ambacho hakuna tuisheni ya topiki za mbele itampa.

La njia sasa. Sisi tunaosahihisha tunatoa maksi kwa hatua, na mtihani wa taifa ni hivyohivyo, ukikosea mwisho lakini hatua zipo unaokota kitu, ukiweka jibu tupu na umekosea umekula sifuri. Ila usimwambie tu "andika njia", kwake hiyo ni adhabu maana jibu analiona. Mwambie aandike kiasi kwamba aliyekosa kipindi akisoma daftari lake aelewe.

MamaG wa Pasua:
Asante sana mwalimu, hapo kwenye njia umenigusa. Kuna swali la kuku na mbuzi, vichwa 20 miguu 56, yeye anasema "mama, wote wangekuwa kuku miguu ingekuwa 40, imezidi 16, kila mbuzi anaongeza miwili, basi mbuzi 8 kuku 12". Kaandika 8 na 12 peke yake, kapewa nusu.

Mwl_Kiboriloni:
Aisee huyo ana akili! Hayo maneno aliyokwambia ndo njia yenyewe, ayaandike hivyohivyo. Halafu alifanye tena kwa eksi aone anafika palepale.

Dada wa Njiro:
Shoga, mi naona hapo tatizo lingine ni lugha, swali la maelezo kuliruka sio hesabu hiyo. Mdogo wangu alitoka Kiswahili kama huyo, mzingo na eneo anavijua vizuri tu, wakivisema kwa Kiingereza anaganda. Tulimpa kidaftari, kila neno jipya la hesabu anachora mchoro wake pembeni, baada ya muda akazoea. Kaa naye asome swali kwa sauti akueleze kwa Kiswahili linataka nini, hiyo haihitaji uijue hesabu.

Baba Wawili Sakina:
Naongezea moja tu, hilo jina la kipanga punguzeni. Mtoto aliyezoea kupata kila kitu bila jasho siku akikutana na kigumu anaona aibu, anakwepa, anasema hesabu haina maana. Msifie alivyohangaika. Na mkae na mwalimu wake kwa amani mama, usiende kulalamika kwamba mwanao anaboeka, darasa lina watoto wengi na mwalimu hawezi kujigawa, muombe tu ampe maswali mawili matatu ya ziada akimaliza.

MamaG wa Pasua:
Nimewaelewa, kijana wa tuisheni asubiri kwanza, wiki hii naenda kwa mwalimu. Ila maswali magumu nayatoa wapi na hela yenyewe hakuna?

Mwl_Kiboriloni:
Taasisi ya Elimu wana maktaba mtandaoni, vitabu vya shule unasoma bure kwa simu. Pastpepa za NECTA (mitihani ya nyuma ya Baraza la Mitihani) nazo tafuta mtandaoni. Chukua za fomu tuu, chagua yale ya topiki alizosoma, machache.

Mangi_Mkavu:
Mwalimu hilo swali lako la vigawo nimelipiga hapa nimepata 9.

Mwl_Kiboriloni:
100 umemuacha wapi mangi? Andika njia.