Basi la mji: la zamani au hili jipya, lipi lingetufaa Tanga?

Spana_Ngamiani: Wana Tanga, jana nimerudi na Hiace kutoka Pongwe, goti kidevuni, ndoo ya dagaa ya mwenzangu mapajani. Nikawaza: tukipata mabasi ya mji kweli, tuchukue ya zamani yenye sakafu ya juu au haya mapya ya sakafu ya chini? Mie fundi. Kosta ya injini ya dizeli ya zamani, 1HZ, haina kompyuta. Pampu na nozeli tu. Ikizimika njiani naifungua na spana tatu. Jipya likiwasha taa kwenye dashibodi, utafute kwanza mashine ya kulisoma, kisha sensa, kile kidude cha umeme kinachoipa kompyuta taarifa za injini. Sensa haipo mjini? Paki.

BintiChumbageni: Kaka, wewe waongelea injini, mie namwongelea mama. Magoti yanamsumbua. Kosta anaipanda kwa mikono miwili, konda kamshika kiwiko huku keshagonga bodi gari iondoke. Basi la sakafu ya chini halina ngazi mlangoni. Mengine yana springi za upepo: dereva akisimama anatoa upepo, basi linainama upande wa mlango kama ngamia anayepiga magoti. Hata kiti cha magurudumu kinaingia.

Konda_Mstaafu: Mwanangu, msalimie mama. Ila sakafu hiyo ipeleke kwenye barabara za vumbi wakati wa masika, itakwangua tumbo. Tena matairi yanachomoza ndani, yanakula nafasi za viti. Mie nimepiga kazi Dar enzi za UDA, shirika la mabasi ya mji, kwenye basi za Ikarus kumbakumba, zile mbili zilizoungwa kwa mpira wa mikunjomikunjo. Milango mipana, kituo kizima kinaingia mara moja. Kwenye kona wale wa katikati walikuwa wanazungushwa na sakafu, kicheko tupu.

Raskazone_Pwani: Shikamoo mzee. Mnaisifu sana zamani. London walikuwa na Routemaster, basi la ghorofa, ikaanza kubeba abiria 1956, nyuma wazi kabisa, unadandia na kuruka utakavyo. Desemba 2005 ikatolewa kwenye njia za kawaida, watu wakailia. 2012 wakaleta mpya ya kuikumbushia, milango mitatu, ngazi mbili, na madirisha yasiyofunguka! Abiria wakaiva huko ghorofani hadi yakawekwa ya kufunguka. Na hiyo ni London. Hebu fikiria Tanga mwezi wa pili.

BintiChumbageni: Kwenye dirisha nimesalimu amri. La kusukuma kwa mkono halihitaji fundi wa kompyuta.

Konda_Mstaafu: Marahaba. Mabasi ya Mwendokasi ya Dar yameukwepa ugomvi huu tangu 2016: sakafu iko juu, na kituo nacho kimeinuliwa. Unaingia kama unaingia sebuleni.

BintiChumbageni: Babu, kituo gani Tanga kimeinuliwa? Sie twashushwa chini ya mwarobaini, mguu mmoja kwenye mtaro.

Spana_Ngamiani: Nimetoka kuipima Kosta iliyopo gereji. Ngazi ya kwanza imenifika chini kidogo ya goti, nami si mfupi. Mwenyewe kakubali nichomelee kidaraja cha kukunja chini ya mlango, konda atakishusha kwa mguu. Jumamosi mlete mama ajaribu, nauli juu yangu.

Konda_Mstaafu: Na konda akisahau kukipandisha?

Spana_Ngamiani: Nakiwekea springi, mzee.