Gentoo ya steshenari imegoma: niongeze RAM, nihamie bainari, au nipige chini?

mgebuka_mwanga (Kigoma), Jumatatu saa 2 usiku

Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari hapa Mwanga. Kompyuta ya kaunta inatumia Gentoo, ile Linux ambayo programu unazijenga mwenyewe kutoka msimbo wake (kukompaili), niliisimika mwenyewe enzi zile nina muda wa kuchezea. Sijaiapdeti siku nyingi kidogo. Juzi mteja kaleta faili la kuchapa, programu ikakataa kulifungua, nikasema basi ngoja niapdeti kila kitu. Nikapiga emerge (amri ya Gentoo ya kuweka programu), ikaenda usiku kucha, asubuhi nakuta imekufa. Nikarudia, ikafia palepale.

Nina laki mbili na nusu mkononi na mawazo matatu. Ninunue RAM niendelee kukompaili, au niache kukompaili nichukue bainari, yaani pakeji (programu) zilizokwisha kujengwa, au nifute niweke Debian, Linux isiyo na habari za kukompaili, maisha yaendelee. Ipi bora? Naomba uzoefu, matusi baadaye.

Mzee_wa_Ipuli (Tabora)

"Ikaenda, ikafa." Kijana, umempeleka mgonjwa kwa daktari ukasema anaumwa, ukanyamaza. Prosesa gani? RAM kiasi gani? Imefia kwenye pakeji ipi, na mistari ya mwisho inasemaje? "Siku nyingi kidogo" ni wiki tatu au ni tangu masika ya mwaka juzi? Tupia emerge --info hapa, ndipo tuanze kikao.

kokoto77

Debian. Uzi ufungwe.

binti_katubuka (Kigoma)

@kokoto77 wewe hata kwenye uzi wa betri za sola uliandika Debian.

@mgebuka_mwanga jirani, na useme intaneti yako ni ya waya au bando la simu. Kwa Gentoo hilo ni nusu ya jibu.

mgebuka_mwanga

Shikamoo mzee, samahani wakuu. Prosesa i5-3470, RAM GB 8 (vipande viwili vya 4), diski ya kuzunguka GB 500. Mara ya mwisho kuapdeti ni kama miezi kumi. Imefia dev-qt/qtwebengine, mwishoni inasema:

c++: fatal error: Killed signal terminated program cc1plus
ninja: build stopped: subcommand failed.

MAKEOPTS (idadi ya kazi za kukompaili kwa mpigo) nimeweka -j8. Intaneti ni bando la simu, narusha kwa hotspoti.

Mzee_wa_Ipuli

Marahaba. Sasa tunaongea.

Hiyo "Killed" si kosa la pakeji. RAM imeisha, kerneli (kiini cha mfumo) ikatafuta wa kumtoa kafara, ikamkuta kompaila. Piga dmesg utaona imeandikwa "Out of memory". Halafu i5-3470 ina koa nne, kila moja kazi moja, hiyo -j8 uliitoa wapi? Kitabu cha Gentoo kinashauri kila kazi itengewe kama GB 2 za RAM. Una 8, kwa hiyo kazi nne, na hapo uwe umefunga brauza. qtwebengine ni brauza ya Chromium nzima iliyovishwa kanzu ya Qt, hiyo ipe mbili tu.

Usishushe mfumo mzima kwa sababu ya pakeji moja. Fungua faili /etc/portage/env/taratibu.conf, andika ndani MAKEOPTS="-j2". Kisha kwenye /etc/portage/package.env weka mstari mmoja:

dev-qt/qtwebengine taratibu.conf

Rudia emerge. Laki mbili na nusu yako bado iko mfukoni.

binti_katubuka

Mzee kasema kweli ila mimi singekaa nikisubiri hiyo -j2. Tangu tarehe 29 Desemba 2023 Gentoo wenyewe wanatoa pakeji zilizojengwa za mashine za amd64 (prosesa za kawaida za biti 64, hata za Intel), zipo kwenye seva zao. Unaweka FEATURES="getbinpkg" kwenye faili la mipangilio make.conf, unapiga getuto ili funguo za sahihi ziingie, unaangalia faili lililo ndani ya /etc/portage/binrepos.conf linaelekeza wapi, basi. Yenye USE (vipengele ulivyochagua kuwasha au kuzima) zinazolingana na zako inashuka imeiva. Isiyolingana inajengwa hapo kwako kama zamani.

Ila jirani, HAPA UWE MAKINI. Kuna makundi mawili, x86-64 ya kawaida na x86-64-v3. Hiyo v3 inahitaji AVX2 (maagizo ya ziada ya prosesa), na kwa Intel AVX2 ilianza na kizazi cha nne. 3470 ni kizazi cha tatu. Ukichukua v3 kwa tamaa ya kasi, programu zitakuwa zinakufa na "Illegal instruction", na siku glibc (maktaba inayotegemewa na karibu kila programu) ikiwa mojawapo hutapata hata ls ya kuorodhesha mafaili.

kokoto77

Sasa kama unashusha bainari, umeacha Debian ya nini? Umefuga ng'ombe halafu maziwa unanunua dukani.

binti_katubuka

Ng'ombe ninaye. Siku nikitaka maziwa yasiyo na systemd (programu ya kuwasha mfumo) nakamua mwenyewe.

mwl_ngambo (Tabora)

Naomba kuchepuka kidogo. Kwa nini mnaandika "pakeji" wakati Kiswahili kina neno kifurushi? Tunakiua wenyewe halafu tunalalamika.

mgebuka_mwanga

Mwalimu, nikimwambia kijana wangu wa dukani "kifurushi kimegoma kuingia" anakimbia kununua bando.

mwl_ngambo

Basi mfundishe. Bando ndilo lililoazimwa, kifurushi kilikuwepo kabla ya simu.

asali_chungu (Tabora)

Nimesoma wote. Mnamshauri kijana aapdeti miezi kumi kwa mpigo na hakuna aliyemuuliza kama /boot yake (sehemu ya diski inayokaa kerneli) imepandishwa, yaani imeunganishwa. Ngoja niwasimulie imekula kwangu vipi.

Ilikuwa msimu wa maembe, nakumbuka kwa sababu nilikuwa nakula embe huku nakompaili kerneli, kibodi ikawa inanata. Kerneli yangu huwa naijenga kwa mkono, gentoo-sources, make, make modules_install, make install. Vyote vikapita bila hata onyo. Diski ilikuwa imejaa, nikaona nibane nafasi, nikafuta saraka ya moduli (vipande vya kuendeshea vifaa) za kerneli ya zamani kwenye /lib/modules. Nikasema nina mpya, ya zamani ya nini? Nikawasha upya.

Sasa, partisheni yangu ya /boot ni ya vfat (aina ya FAT), na kwenye fstab (orodha ya partisheni za kupandisha) nilikuwa nimeiwekea noauto (isipande yenyewe) miaka hiyo kwa sababu nilisoma mahali kwamba ni salama zaidi. Kwa hiyo siku ile haikuwa imepandishwa. make install iliiweka kerneli mpya kwenye saraka tupu iliyoitwa /boot, wala si kwenye partisheni. Mashine inawaka, inachukua kerneli ya zamani kutoka partisheni, kerneli ya zamani inatafuta moduli zake, hazipo. Nimezifuta kwa mkono wangu huu huu wenye embe. Waifai haipo. Kadi ya mtandao haipo. Nikasema sawa, nipandishe /boot ninakili kerneli mpya. "unknown filesystem type vfat." Moduli ya vfat nayo ilikuwa humo humo. Flashi nilizo nazo zote ni za FAT, hazisomeki kwa sababu ileile. Yaani ufunguo wa nyumba umefungiwa ndani ya nyumba.

Ikabidi nishushe SystemRescue (Linux ya uokozi) kwa simu, bando la usiku, na kuiandika kwenye flashi nikaazima laptopu ya shemeji. Shemeji akasimama nyuma yangu muda wote akiuliza kama virusi vitaingia. Nikawasha kwa flashi, nikapandisha mzizi, nikapandisha boot, nikaingia ndani ya mfumo wangu kwa chroot, make install tena. Dakika tano. Siku mbili za kuhangaika na dakika tano za dawa.

Mpaka leo kabla ya kugusa kerneli naandika "mount /boot" hata kama najua ipo. Na flashi ya uokozi inakaa droo moja na hirizi.

Mzee_wa_Ipuli

Hahaha. Pole. Ila hilo ni la noauto na mfagio wako, Gentoo msiisingizie.

reli_kati (Kigoma)

Mimi naona wote mmeruka tatizo la kwanza la huku kwetu. Umeme. Tuliokuwepo enzi za majenereta tunajua. Kanunue UPS kabla ya RAM. Umeme ukikatika katikati ya kukompaili mfumo wote unaharibika.

Mzee_wa_Ipuli

Hapana, na hili huwa linarudiwa mpaka limekuwa hadithi. Kazi yote ya kukompaili inafanyika ndani ya /var/tmp/portage. Mfumo wako haujaguswa. Kikishajengwa kinawekwa kwanza kwenye saraka ya kando humo humo, ndipo mwishoni kabisa mafaili yanahamishiwa mahali pake. Umeme ukikatika kabla ya hapo umepoteza masaa tu. Hatari iko kwenye hicho kipande kifupi cha kuhamisha, na hapo ikiwa ni glibc, ndiyo, utalia.

Umeme ukirudi piga emerge --resume. Itaendelea na foleni, ila ile pakeji iliyokatikia njiani inaanza upya.

reli_kati

Na aliyeweka /var/tmp/portage kwenye RAM kwa tmpfs?

Mzee_wa_Ipuli

Naye masaa yake yamekwenda, sawa na wa diski. Ila kwa mwenye GB 8 tmpfs ni wazimu wa aina nyingine, unamnyang'anya kompaila RAM unampa faili la muda. Nakubali UPS ni kitu kizuri, ninayo. Ninachokataa ni sababu uliyotoa.

reli_kati

Sawa mzee, lakini diski ya kuzunguka na umeme wa kukatika nisikudanganye, nimezika mbili.

mgebuka_mwanga

Wakuu nimewasoma. Kuna jamaa hapa mjini ana kipande cha DDR3 GB 8, bei poa mno, anasema ni kipya. Nichukue?

asali_chungu

Poa mno ndiyo shida. Kuna DDR3 za GB 8 zinauzwa kwa bei ya kutupa ambazo zinafanya kazi kwenye ubao wa AMD peke yake. Ukizipachika kwenye Intel kama yako, mashine haiwaki kabisa au inapiga milio. Nenda na mashine dukani, iwake mbele yako. Kisha iendeshe memtest86+ usiku mzima kabla hujaiamini kwa kazi ya kukompaili.

binti_katubuka

Nakazia. RAM mbovu kwenye Gentoo inajitambulisha yenyewe: "internal compiler error: Segmentation fault", leo kwenye gcc, kesho kwenye perl, keshokutwa hakuna. Inahamahama. Yako inafia palepale kila siku, kwa hiyo ulizonazo ni nzima, zimezidiwa tu.

Ila kama pesa inakuwasha, nunua SSD (diski isiyozunguka). Kwa kazi ya kaunta utaiona tofauti siku ya kwanza.

kokoto77

Na kwenye hiyo SSD aweke nini? Mimi nasema tu. Steshenari ni biashara, mteja kashika sivii mkononi anataka nakala tano, wewe unamwambia subiri nakompaili Chromium.

mwl_ngambo

Kwa hilo namuunga mkono kokoto. Na neno ni wasifu, si sivii.

asali_chungu

@mgebuka_mwanga nina mashine ya koa nane hapa Tabora. Nipe make.conf yako na orodha ya world (pakeji ulizochagua mwenyewe), nikujengee bainari kwa --buildpkg, nikutumie flashi kwa treni. Malipo ni samaki, migebuka ya kukaushwa.

mgebuka_mwanga

Mkuu asali kweli au utani? Migebuka si tatizo, Kibirizi kwa wavuvi ni hapo tu.

asali_chungu

Kweli kabisa. Ila -march=native (jenga kwa prosesa iliyopo) uitoe, nikijenga nayo hapa itachukua prosesa yangu na kwako itakataa. Weka -march=ivybridge, ndilo jina la kizazi cha prosesa yako. Na mimi nikirudisha flashi naongeza lita ya asali ya Sikonge.

reli_kati

Sasa uzi umekuwa soko. Dagaa je?

mgebuka_mwanga, Alhamisi saa 4 usiku

Mrejesho. Nilifuata ya mzee kwanza kwa kuwa ni bure. -j2, nikafunga kila kitu, nikaacha usiku. qtwebengine IMEPITA. Ilichukua karibu saa kumi na mbili, lakini imepita. Zilizobaki nikaweka getbinpkg ya x86-64 ya kawaida, nyingi zikashuka zimeiva, bando nalo likaisha, nikanunua lingine. Faili la mteja linafunguka.

Mwishoni ikaniambia kuna mafaili 31 ya mipangilio ya /etc yanahitaji kuapdetiwa, nikafungua etc-update. Ikaanza kuniuliza moja moja, nikaona chaguo la -5 linamaliza yote kwa mpigo, nikabonyeza. Sasa kompyuta ya pili ya dukani haiioni tena printa iliyo kwenye hii.

Mzee_wa_Ipuli

Kijana. -5.

asali_chungu

-5 inafunika mafaili yako yote kwa yale mapya bila kuuliza. cupsd.conf yako (mipangilio ya printa) imerudi ya kiwandani, na ya kiwandani inasikiliza mashine yenyewe tu, ndiyo maana jirani yake haoni kitu. Ungetumia dispatch-conf ungekuta nakala za zamani kwenye /etc/config-archive. Una nakala popote?

mgebuka_mwanga

Sina. Na fstab nayo ilikuwemo kwenye zile 31?

Mzee_wa_Ipuli

USIZIME MASHINE. fstab ikiwa imefunikwa huenda isiwake tena. Andika cat /etc/fstab, bandika hapa.

binti_katubuka

Jirani usiguse kitu. Cupsd.conf yangu ni ya kugawana printa kama yako, nakuletea na flashi ya uokozi. Mnafungua saa ngapi?

mgebuka_mwanga

Saa 2 asubuhi. Njoo saa 1. Umeme umeanza kucheza cheza huku.