Bahati nasibu ya shule za magneti Marekani: watoto wetu wanatolewa kabla kura haijachezeshwa

Wakuu, habari zenu. Miaka yote napita humu kimya kimya, nasoma na kuondoka. Leo nimeshindwa. Nina hasira na sitaificha, mnivumilie maana uzi ni mrefu.

Kwa msioko huku: magneti ni shule za serikali, hazina ada, ila kila moja ina mkazo wake, hii sayansi, ile sanaa, nyingine lugha. Zilianza mwishoni mwa miaka ya 1960 na kushika kasi miaka ya 1970, kipindi mahakama zinaamuru watoto weusi na weupe wasome pamoja. Badala ya kumlazimisha mzazi mweupe ampeleke mwanawe mtaa wa weusi, wakaijenga huko shule nzuri imvute aende mwenyewe, kama sumaku. Jina limetoka hapo. Kwa hiyo hizi shule ziliwekwa ili mtoto wa mtaa kama wangu asiachwe nyuma. Naomba mlishike hilo.

Nafasi ni chache, waombaji ni wengi, hivyo wilaya nyingi za shule wanachezesha bahati nasibu. Kwetu, mtoto akiwa darasa la tano unajaza fomu mtandaoni, unapanga shule kuanzia unayoitaka zaidi, kompyuta inampa kila mtoto namba na kuchagua wa kuingia darasa la sita. Kwenye wilaya yetu hakuna mtihani. Kila mkutano wa wazazi wanatuambia ni haki tupu, kompyuta haimjui mtu.

Ni kweli haimjui, kwa ile sekunde moja inayochagua. Mimi nalia na yaliyo kabla ya sekunde hiyo na yaliyo baada yake.

Binti yangu wa kati anapenda madaraja. Ana daftari la mistari amelijaza michoro ya madaraja, na pembeni ya kila mchoro ameandika uzito anaofikiri litabeba. Kuna shule ya magneti ya uhandisi dakika kumi na tano kutoka kwetu. Nikasema huyu ni wa pale.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa anwani. Tunaishi kwa shemeji yangu, mkataba wa nyumba na bili ya umeme vina jina lake. Fomu inataka jina la mzazi. Ofisini wakanizungusha wiki mbili: lete barua ya mwenye nyumba, mara barua haitoshi lete kiapo kilichogongwa muhuri, mara kiapo kiwe na tarehe ya mwezi huu. Kila safari ni saa za kazi nimekatwa. Dirisha la maombi linafungwa Ijumaa, mimi nikakamilisha Alhamisi jioni.

Kikwazo cha pili sikukijua hata kama ni kikwazo. Kuna shule moja kila mtu anaisifia, nikaiweka ya kwanza. Ile ya uhandisi nikaiweka ya pili, nikidhani nimejiongezea nafasi. Kumbe wilaya yetu wanaanza kujaza kila shule na walioiweka ya kwanza. Tulipoikosa ya kwanza, ya pili ilikuwa imeshajaa. Haya nimeambiwa na mama mmoja uwanjani kwenye mpira wa watoto, majibu yameshatoka. Yeye anajua kwa sababu ana kikundi cha wazazi wanaokaa na kupiga hesabu kila mwaka.

Na hili si jambo geni. Boston waliendesha hivyo hivyo mpaka mwaka 2005, wakauacha mfumo huo baada ya wachumi kuonyesha kwamba unamwadhibu mzazi anayeandika ukweli na kumzawadia anayejua kona. Los Angeles nao wana pointi za kumtanguliza mtoto kwenye bahati nasibu: mtoto aliyeomba akaishia kwenye orodha ya kusubiri anapata pointi 4, na zinajumlishwa hadi 12. Kwa hiyo kuna wazazi wanaomba shule wanayojua wazi hawataipata, miaka mitatu mfululizo, ili mtoto akifika darasa la tano awe na mtaji. Sasa mtu aliyetua juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mtoto akiwa darasa la nne, atazitoa wapi pointi za miaka mitatu? Hiyo bahati ni ya nani?

Tukawekwa orodha ya kusubiri, namba 17. Nikasubiri. Machi, Aprili, nikaingia Mei.

Nafanya kazi usiku kwenye nyumba ya wazee. Jumatatu moja natoka zamu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nimekaa kwenye gari sijawasha hata moto, nikafungua barua pepe kutafuta ratiba yangu. Nakuta ujumbe wa Ijumaa saa tisa alasiri: mtoto wako amepata nafasi, thibitisha kabla ya Jumapili saa sita usiku. Wikiendi yote nilikuwa kazini zamu mbili mbili. Nikabonyeza na kidole kinatetemeka. Muda umepita, nafasi imekwenda kwa anayefuata.

Hawakupiga simu. Hawakutuma ujumbe mfupi. Barua yenyewe ni Kiingereza cha kisheria, na kwenye fomu kuna kisanduku kinauliza lugha ya nyumbani, niliandika Kiswahili. Kiingereza changu kinanitosha, lakini jirani yangu Mkongo hakimtoshi, naye mtoto wake alikuwa namba 22. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inawakataza wanaopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili yake, na kesi ya Lau ya 1974, ya watoto Wachina wa San Francisco, ilionyesha kwamba lugha imo humo. Nilipoyataja dirishani, dada wa mapokezi akanijibu, "Ujumbe ulitumwa, mama." Basi.

Na hata ungeipata, kuna usafiri. Louisville, Kentucky, ambako Waswahili ni wengi, mwaka 2024 bodi ya shule iliondoa mabasi kwa wanafunzi wengi wa magneti kwa uhaba wa madereva. Mzazi mwenye gari na kazi ya mchana alibaki na nafasi yake. Asiye nalo akamrudisha mtoto shule ya mtaa.

Kilichonifanya niandike ni jana usiku. Binti ameniuliza, "Mama, mimi nilifeli?" Mimi nimekulia Morogoro. Mwaka dada yangu alipochaguliwa sekondari ya wasichana ya Kilakala tulikwenda kusoma jina lake ubaoni, na aliyekosa alijua amekosa kwa alama. Huyu wangu hajafanya mtihani wowote. Nimemwambia hujafeli mwanangu. Akaniuliza sasa kwa nini siendi? Nikakosa la kusema.

Wenye watoto darasa la nne na la tano, piga simu wilayani kwako leo. Uliza kama ukiiweka shule ya pili unapoteza nafasi. Uliza ofa inakaa siku ngapi, na inatumwa kwa njia gani. Omba mkalimani kwa maandishi, tena weka nakala. Na orodha ya kusubiri usiiamini hata siku moja bila kufungua barua pepe asubuhi na jioni.

Jumanne ijayo nimejiandikisha kuongea mbele ya bodi, wamenipa dakika tatu. Nataka niende na visa vingine mkononi, wasiseme ni mama mmoja aliyelala na simu. Kama ofa ilikupita namna hii, andika hapa chini: mwaka, mtoto alikuwa namba ngapi kwenye orodha, na ulipewa saa ngapi za kujibu. Jina la mtoto usiweke.