Printa za SES kwa safu ya pesa na safu ya saa: mnatumia njia ipi?

MwanaAmu
Asalaam aleikum nduzangu. Hesabu za mashua tatu hapa Amu naziweka kwa SES, lile lahajedwali lililomo ndani ya Emacs, programu ya kuhariri maandishi. Namba ninazo, tatizo ni zinavyoonekana. Nataka pesa zisomeke 18,500, na saa ya kuondoka isomeke kwa saa yetu: nikiandika 14, mzee mwenye vyombo aone "saa 8 mchana". SES huita printa kile kinachogeuza thamani ya seli kuwa maandishi ya kwenye kioo. Naona kuna njia tatu: fomati fupi kama "%.2f" (desimali mbili), lambda (fanksheni isiyo na jina) ndani ya seli, au printa yenye jina. Ipi inadumu?

FundiMokowe
Waaleikum salaam. Anza na fomati fupi. Bonyeza p kwa seli moja, M-p (Alt pamoja na p) kwa safu nzima. Maandishi hukaa kulia, ukitaka yakae kushoto, itie fomati ndani ya mabano: ("%.2f"). Safu yangu ya kilo za changu na pweza haijahitaji zaidi ya hapo. Lakini koma ya maelfu hutaipata kwa njia hii, format ya Emacs Lisp, lugha ya programu ya Emacs, haina alama yake. Tena usitumie %d, fomati ya namba kamili, kwenye kilo. Hukata tu, 12.9 hutoka 12, na mvuvi ana haki ya kuuliza kilo yake imekwenda wapi.

BintiMalindi
Kwa saa huna budi kuandika fanksheni, kaka. Kiini chake ni hiki, x ikiwa ni saa uliyoandika kwenye seli:

`(1+ (mod (+ x 5) 12))`

Nimeijaribu: 7 inatoa 1, 14 inatoa 8, 18 inatoa 12, na 0 inatoa 6. Kisha weka cond, yaani masharti ya Lisp, ya kuchagua asubuhi, mchana, jioni au usiku kwa kuiangalia x yenyewe, kabla hujaigeuza. Kabla ya hayo yote uliza kama seli ni tupu, halafu kama ni namba. Mimi niliruka hatua hiyo. Siku ya kusi kali mashua haikutoka, tukaandika "upepo" kwenye safu ya saa, fanksheni ikajaribu kujumlisha neno na 5. Sasa kisicho namba nakirudisha kilivyo, ndani ya list (mabano yale ya Fundi), kikae kushoto kionekane mara moja.

MwanaAmu
Shukrani dada. Hiyo lambda niiweke safu nzima kwa M-p?

BintiMalindi
Waweza, lakini safu ya kurudi nayo itaitaka, na mashua ya pili pia. Ukirekebisha moja, nyingine zinabaki na kosa la zamani. Tumia M-x ses-define-local-printer, uipe jina, mathalani saa-yetu, kisha kila safu itaje jina hilo tu. Ukiibadilisha, seli zote zinazoitumia zinachapwa upya. Nayo inahifadhiwa ndani ya faili ile ile, ukimtumia mwenzio inakwenda nayo.

FundiMokowe
Hapo namuunga mkono. Mimi niliandika fanksheni kwa defun kwenye faili la mipangilio ya Emacs yangu. Kwangu ikafanya kazi vizuri. Kwenye kompyuta ya karani wetu fanksheni hiyo haikuwepo, na SES hukagua fomula na printa wakati wa kufungua, ikawa inamuuliza kuhusu seli ambazo yeye hakuziandika. Aliingiwa na hofu, akafunga.

MwlHesabu
Wanangu, kabla hamjapamba safu ya mgawo wa pesa, itazameni fomula. 18,500 kwa mafungu 7: mkiandika (/ 18500 7), Emacs Lisp hugawa namba kamili kwa namba kamili na kutupa baki. Jibu ni 2642, printa ya "%.2f" inaonyesha 2642.00, na kila mtu anaamini. Zidisheni kwa 7 mpate 18,494. Shilingi 6 zimepotea na kioo kimetulia. Andikeni 7.0, ije 2642.86. Printa hailiponyi kosa la fomula, hulivisha nguo safi tu, na mimi hilo ndilo linaloniogopesha kuliko koma za maelfu.

KijanaShela
Mbona hamkutaja jedwali za Org, ile sehemu ya Emacs ya maandishi na orodha? Mimi naweka ;%.2f mwishoni mwa fomula, basi.

MwlHesabu
Org ni nzuri, mwanangu, lakini tofauti yake ni kubwa. Kilichoandikwa kwenye jedwali la Org ndicho thamani. Ukifupisha kuwa 2642.86, hesabu inayofuata inaanzia 2642.86. SES huweka thamani nzima chini na kuonyesha iliyofupishwa juu. Kwa jumla ya msimu mzima wa kaskazi, mimi sichagui Org.

KijanaShela
Nimekuelewa, mwalimu. Nilitaka tu mzee aweze kusoma kwenye simu.

FundiMokowe
Atasoma. Faili la SES ni maandishi matupu: jedwali lililochapwa liko juu, data iko chini yake. Angalia tu upana wa safu kwa w. Namba isiyoenea yaweza kugeuka ####, na hata kwenye simu ataona hizo hizo.

MwanaAmu
Basi nafanya hivi: "%.1f" kwa kilo, printa mbili za faili kwa pesa na saa, na mgawo nauandika upya kwa 7.0. Nimefungua hesabu za mwezi jana sasa hivi. Safu ya mgawo yote ni .00, kila safari. Naanza na mashua ya kwanza, na mabaharia nitawaambia kesho asubuhi kabla hawajaenda baharini.