Mliotuuzia "Linux ya muda halisi" yenye kerneli (kiini cha mfumo) ya kawaida, njooni mjibu hapa!

Wakuu, mnisamehe ukali. Natoka shifti ya usiku na sijalala tangu juzi.

Kiwandani kwetu tunafungasha unga. Tumenunua mashine ya mota sita za sevo, inaongozwa na kompyuta ya Linux kwa EtherCAT (mtandao wa viwandani wa kuamrisha mota), amri mpya kila milisekunde 1. Kwenye ankara wameandika kabisa "mfumo wa muda halisi", yaani usiochelewesha kazi hata kidogo kupita muda wake. Basi kila baada ya dakika chache draivu (vifaa vinavyoendesha mota) zinapoteza ulinganifu, mashine inagoma, unga unamwagika. Ukiwapigia, wanasema umeme wenu mbovu. Umeme, umeme, kila kitu umeme!

Jana nikaifungua mwenyewe. Amri ya uname -v inaniambia kerneli ni PREEMPT_DYNAMIC, ile ya kawaida. Jamani, hiyo siyo PREEMPT_RT, ya muda halisi! Na PREEMPT_RT imo ndani ya kerneli rasmi tangu toleo 6.12, Novemba 2024, hata kiraka cha kuhangaika nacho hakuna. Uvivu tu. Kadi ya mtandao nayo imeachwa ikusanye pakiti kwanza ndipo iamshe prosesa. Niliposhusha rx-usecs (muda wa kusubiri huko) hadi 0, makosa yakapungua. Hayakuisha.

Kumbe kuna swichi ya mtandao. Kati ya kompyuta na draivu ya kwanza wamechomeka swichi ya dukani, na kamera za ulinzi zimo humo humo! Fundi wao ananijibu, "Kaka, si ni fremu (vifurushi vya data) za kawaida za Ethaneti? Swichi yoyote inafaa."

Za kawaida ndiyo, zina namba yao ya aina, 0x88A4. Ila fremu ya EtherCAT haisimami: inapita kifaa hadi kifaa, kila kimoja kinachota chake na kuacha chake ikiwa mwendoni, kisha inarudi. Swichi ile inaipokea yote kwanza ndipo iitume, tena milango yote, maana anwani ya fremu hiyo ni ya wote. Kamera nazo zinarusha picha kwa multikasti (kwa wapokeaji wengi kwa pamoja), zinamiminwa hadi upande wa mota. Fremu kubwa moja kwenye megabiti 100 kwa sekunde inachukua mikrosekunde 120 na ushee. Zikitangulia nane, milisekunde yangu imeliwa.

Aliyewahi kurudishiwa hela na wauzaji wa namna hii anielekeze alianzia wapi. Swichi nimeshaing'oa, iko mezani kwangu. Mashine inakwenda tangu saa tisa usiku, ila kamera zimezima zote na bosi ameshapiga simu mara tatu.