Nimeshikiwa ungo wa intaneti mpakani: tangu lini anga likahitaji kibali cha mtu aliyeketi ofisini?

Ndugu wanajukwaa,

Naandika uzi huu nikiwa na hasira, na sitaificha, ingawa nimejizuia siku nne nzima ili nisije nikaandika matusi. Mimi ni mkazi wa Wilaya ya Nanyumbu, mkoani Mtwara. Nina steshenari ndogo yenye kompyuta mbili na mashine moja ya kudurufu, pamoja na mikorosho niliyoachiwa na marehemu baba. Mwezi uliopita, yaani Novemba 2025, nilivuka Ruvuma kwenda kumtazama shemeji yangu aliyeko Pemba (Pemba ya Msumbiji, si ile ya karafuu), na nikarudi na ungo wa intaneti ya setilaiti, ule wa Starlink, nilioununua kwa fedha halali za korosho. Sikuuficha chini ya magunia. Niliufikisha mwenyewe mezani, nikatoa risiti, nikauliza ushuru ni kiasi gani, fedha nikiwa nazo mkononi. Nikajibiwa kwamba ushuru si tatizo, tatizo ni kibali. Kibali hicho hutolewa na nani, aliyekuwa zamu hakujua. Huchukua muda gani, hilo pia hakulijua. Alichokijua kwa uhakika ni kwamba ungo unabaki pale. Niliondoka na kipande cha karatasi kisicho na muhuri.

Huku kwetu ungo unaofahamika kwa kuruka angani usiku ni ule wa wachawi, na hata huo sijawahi kusikia umedaiwa kibali.

Tangu siku hiyo nimefunga duka mara tatu kufuatilia jambo hili, mara mbili hadi Masasi na mara moja hadi Mtwara mjini, safari ya zaidi ya kilomita 200 kwa basi. Nilijua tangu mwanzo kwamba huduma yenyewe ilikuwa haijapewa leseni nchini, na nia yangu ilikuwa kuomba kibali cha kifaa changu kimoja, kwa jina langu, kwa ada yoyote iliyowekwa. Katika ofisi zote nilizoingia, ambazo sitazitaja, hakuna aliyeweza kunionyesha fomu ya kujaza. Wa mwisho alinisikiliza kwa upole, akanipa kiti, kisha akasema, "Kaka, hizi taratibu zipo kwa usalama wenu." Neno hilo "wenu" ndilo lililonitoa nje ya ofisi ile nikitetemeka, kwa sababu sikumbuki mimi na majirani zangu tuliketi lini tukaomba kulindwa dhidi ya intaneti.

Niwaeleze kwa nini mtu wa Nanyumbu anahangaikia ungo. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya intaneti ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika huko kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi yetu ikawa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Jumatatu nikafungua duka, nikakaa mbele ya kompyuta zangu kama mlinzi wa kaburi, na mchana nikabandika mlangoni karatasi isemayo "Mtandao hakuna." Ajali ya baharini naielewa, kwa kuwa nanga ya meli na mtikisiko wa ardhi havina kanuni. Ila tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, mkongo haukukatwa na nanga wala samaki. Intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, nami nikaitoa karatasi yangu droo­ni nikaibandika tena. Kijana aliyekuwa na barua ya usaili ndani ya barua pepe yake aliniuliza, "Mzee, itarudi lini?" Sikuwa na jibu, na aliyekuwa na jibu hakuwa na wajibu wa kumpa.

Hapo ndipo niliposema moyoni kwamba njia moja ya mawasiliano, yenye swichi moja, iliyo mkononi mwa mtu mmoja, si njia ya kutegemewa na mtu anayelisha watoto kwayo. Ng'ambo ya mto wamekwishaelewa. Msumbiji ilifungua huduma ya Starlink mwaka 2023, na mwaka huo huo Kenya, Malawi na Zambia zikafuata. Shemeji yangu anaishi Cabo Delgado, jimbo lenye vita tangu Oktoba 2017, jimbo ambalo serikali yake ina kila sababu ya kuogopa kila kitu kinachotoa mawimbi. Hata hivyo ana ungo juu ya bati, na mwanawe anasoma masomo ya chuo akiwa barazani. Sisi tulio upande wa amani ndio tunaolindwa.

Kwa bando langu la vipande vipande nimesoma kuhusu hilo anga lenyewe. Setilaiti hizi huzunguka kwenye urefu wa takriban kilomita 550, tofauti na zile za televisheni zilizoko karibu kilomita 36,000, na ndiyo maana mazungumzo kupitia kwazo hayacheleweshwi kiasi cha kuudhi. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unasema wazi kwamba hakuna taifa linaloweza kujitwalia sehemu yoyote ya huko, kwa madai ya mamlaka, kwa kukalia wala kwa njia nyingine. Mwaka 1976 nchi nane za ikweta, zikiwemo Kenya, Uganda na Zaire, zilikutana Bogotá zikadai kwamba njia ya setilaiti iliyo juu ya vichwa vyao ni mali yao. Ulimwengu haukulikubali dai hilo. Hata mahali ambapo hewa ya nchi inaishia na anga za juu zinaanza hapajakubaliwa hadi leo. Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba kitu kinachopita kilomita 550 juu ya mkorosho wangu kinahitaji ruhusa ya meza fulani, nina haki ya kuuliza meza hiyo ina urefu gani.

Nitakuwa mkweli, kwa kuwa najua wapo wanasheria humu. Ungo huu haupokei tu kama ule wa kutazamia mpira, bali hurusha pia mawimbi kutoka ardhini, na kanuni za kimataifa za redio zinaipa kila nchi mamlaka ya kutoa leseni kwa mitambo inayorusha mawimbi ndani ya mipaka yake. Sababu yake ni ya maana, nayo ni kuzuia mawimbi yasigongane. Siipingi. Ninachokipinga ni mamlaka iliyokusudiwa kuzuia mwingiliano wa mawimbi kutumika kuzuia mwingiliano wa habari. Kama ungo wangu unaharibu mawasiliano ya ndege au ya jirani, nionyeshwe kipimo nami nitauvunja kwa nyundo mbele yenu.

Kuna hoja ya usalama, na sisi wa kandokando ya Ruvuma hatuwezi kuicheka. Oktoba 2020 wauaji walivuka mto wakaingia kijiji cha Kitaya. Watu wetu walikufa na nyumba zikachomwa. Hakuna anayetaka wale wapate chombo cha kuwasiliana. Lakini nielezeni: muuaji huyo anayevuka usiku kwa mtumbwi atapita mezani na risiti kama nilivyopita mimi? Tumekwishatoa alama za vidole. Mwishoni mwa mwaka 2019 na hadi tarehe 20 Januari 2020 tulipanga foleni juani, wazee kwa vijana, kusajili laini za simu kwa namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa, tukiambiwa kwamba laini isiyosajiliwa itazimwa. Tulikubali. Basi ungo wangu nao usajiliwe kwa namba ile ile, waandike jina langu, kijiji changu na mwembe ulio mbele ya nyumba yangu. Serikali inayonijua hadi mistari ya kidole gumba haiwezi kusema haijui ungo ni wa nani.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wenu ambao hulalamika juu ya afisa huyu au chama kile. Mimi sioni kwamba tatizo ni mtu mbaya. Aliyenipa kiti hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Tatizo ni kwamba anayezuia halipi chochote kwa kuchelewesha, na anayecheleweshwa ndiye anayelipa kila siku. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, wakati Zanzibar ilikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Tuliambiwa ni anasa. Nani alikatwa mshahara kwa miaka hiyo ishirini?

Wazee wa Nachingwea wanaweza kuwasimulia vizuri zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya Uingereza iliamua, ikiwa London, kwamba kusini mwa Tanganyika patalimwa karanga kwa mashine. Wakaleta hadi vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, wakajenga reli kutoka Mtwara. Walikuwa na ramani, wataalamu na hazina ya dola nyuma yao. Hawakumuuliza mkulima wa hapa kuhusu udongo na mvua. Januari 1951 mradi ukazikwa na pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Reli nayo iling'olewa baadaye. Linganisheni na roketi. Kampuni ya SpaceX, ambayo ndiyo yenye Starlink, ilianzishwa mwaka 2002. Roketi yake ya kwanza ilianguka mwaka 2006, ikashindwa mwaka 2007, ikashindwa tena Agosti 2008, na tarehe 28 Septemba mwaka huo ya nne ikafika. Hasara ya zile tatu kwa sehemu kubwa iliwakaa wenye kampuni, na ndiyo maana walijifunza haraka. Wakati huo serikali tajiri kuliko zote duniani, ya Marekani, ilistaafisha vyombo vyake vya kubebea wanaanga mwaka 2011, kisha kwa miaka tisa ikawa inalipa nauli kwa Warusi ili wanaanga wake wafike Kituo cha Kimataifa cha Anga, mpaka kampuni hiyo hiyo ilipowapeleka Mei 2020.

Najua atakayenijibu kwamba kampuni hiyo imenyonya fedha za serikali. Ni kweli: Desemba 2008, ikiwa inakaribia kufa, ilipata kandarasi ya NASA, shirika la anga la Marekani, ya dola bilioni 1.6 kwa safari 12 za mizigo. Lakini hapo serikali ilikuwa mteja, ikanunua usafiri kwa bei iliyotajwa. Haikumshika mwenye roketi mkono kumwambia asiruke. Nami sijawahi kuiomba serikali yetu ininunulie ungo.

Wengine mtasema natoka kwa mtawala mmoja naingia kwa tajiri mmoja wa ughaibuni, Elon Musk mwenye SpaceX, ambaye naye ana swichi yake. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, na sina jibu la kuimaliza. Simpendi tajiri huyo wala simchukii. Siasa zake za Marekani hazinihusu. Najua tu kwamba akinizimia nitatafuta mwingine, kwa kuwa Amazon nao wameanza kurusha setilaiti zao za huduma mwaka 2025, na laini ya simu itaendelea kuwepo mfukoni. Kwa sasa sina wa kumhamia.

Katiba ya nchi hii, Ibara ya 18, inampa kila mtu uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi, na haki ya kutoingiliwa katika mawasiliano yake. Haikuandikwa kwamba uhuru huo ni wa wakazi wa mahali penye minara minne tu. Hata hivyo, Oktoba 2023 tulitakiwa kutoa taarifa za VPN tunazotumia, yaani programu za kuficha mawasiliano ya mtandaoni, kana kwamba mtu anayefunga mlango wake usiku lazima aeleze anaficha nini. Mnakumbuka kwamba tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa lililojengwa baharini karibu na Malindi, hapa hapa pwani yetu ya Afrika Mashariki, ilirushwa setilaiti ya kuchunguza miali ya eksirei ya nyota? Waliipa jina la Kiswahili: Uhuru. Iliruka bila kuulizwa kibali cha Nanyumbu, na sijasikia kwamba ilitudhuru.

Ninachokitaka ni kidogo. Nirudishiwe ungo wangu au nipewe karatasi yenye muhuri inayotaja sheria, kifungu, na ofisi ya kukatia rufaa. Aliyewahi kupata kibali cha kifaa cha aina hii kwa jina lake binafsi, naomba aandike hapa chini fomu inaitwaje na alilipa kiasi gani. Anayetaka kunishauri nivumilie, apite kimya kimya.

Kesho alfajiri naondoka tena kwenda Masasi, safari ya nne. Vijana watano wameniachia daftari lenye namba zao za mtihani ili nikirudi niwatumie maombi yao, kama mtandao wa simu utakuwa umeamka. Karatasi ya mlangoni nimeiacha ile ile ya mwaka jana, ila nimeongeza gundi.